Nyeupe Haing'arishi Rangi

Swali limenifikia tena, safari hii kutoka kwa kijana anayechonga simba na twiga wa urefu wa kidole hapa Lukenya: atie nyeupe kiasi gani ili rangi zake ziwake kama za katuni? Nimelijibu kwa simu, nimelijibu mbele ya vibanda vya vinyago kando ya Barabara ya Mombasa, huku muulizaji ameshika kopo la nyeupe tayari. Sasa nalijibu kwa maandishi. Asitie hata tone.

Nyeupe haing'arishi rangi. Huifanya iwe hafifu. Chukua nyekundu ya enameli, ile ile ya kupaka mageti, uitie nyeupe kijiko kimoja: umepata waridi. Tia cha pili: umepata rangi ya ufizi. Cha tatu, umebaki na kitu ambacho hakuna mtoto angekiita chekundu. Katika hatua zote hizo nyekundu haikukolea hata mara moja, na bado fundi ataniambia kwamba shida ni aina ya nyeupe aliyonunua.

Sababu iko kwenye unga wenyewe. Unga mwekundu huchagua mwanga: humeza buluu na kijani, hurudisha wekundu. Nyeupe ya siku hizi, titani dioksaidi, haichagui chochote, hurudisha mwanga wote unaoipiga. Ukivichanganya, jicho linapokea wekundu uliozimuliwa kwa mwanga usio na rangi. Hapo hakuna ufundi wa mkono utakaokuokoa, wala brashi ya bei.

Imani kwamba nyeupe hung'arisha ina mzizi, na mzizi wenyewe ni mti. Mutisya Munge wa Wamunyu, humu humu Machakos, ndiye anayetajwa kuanzisha uchongaji wa biashara Ukambani baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Waliomfuata walitegemea sana muhugu na mpingo, miti inayojitosheleza: unapiga msasa, unapaka polishi, kazi imekwisha. Muhugu umeadimika, na mafundi wengi wamehamia mjakaranda, ambao ni mweupe, mwepesi na hunywa rangi. Mkono wa kwanza wa njano ukinywewa, kinachobaki juu ni kitu cha kijivujivu. Fundi anakitazama, anaamua rangi imekosa nyeupe, anafungua kopo. Kumbe kinyago kimekosa undakoti.

Nyeupe mahali pake ni chini. Mti ukizibwa kwa undakoti nyeupe na kukauka vizuri, rangi safi ikapakwa juu yake kwa utando mwembamba, mwanga hupenya ule utando, hugonga nyeupe na kurudi nje umepita kwenye rangi mara mbili. Jan van Eyck alikuwa akifanya hivyo Ulaya katika karne ya 15, tabaka jembamba la mafuta juu ya chokaa nyeupe, na wekundu wake unawaka hadi leo. Jaribu kwenye kipande cha mbao: nusu undakoti, nusu mti mtupu, mkono mmoja wa njano juu ya zote mbili. Utalifunga kopo lako la nyeupe kwenye gazeti na kulirudisha stoo.

Jambo la pili linalowaponyoka watu ni ujirani wa rangi. Edward Saidi Tingatinga, pale Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, alichora wanyama kwa enameli ya kawaida ya dukani. Tazama chui wa mtindo huo: njano inawaka kwa sababu doa jeusi limekaa ubavuni mwake. Katuni nzima imesimama juu ya jambo hilo, rangi chache, safi, zilizotenganishwa na mstari wa giza.

Kinyago kidogo kina tatizo lake pia. Twiga wa sentimita 7 hana vivuli vya kutosha shingoni wala chini ya tumbo, kwa hiyo nuru na kivuli lazima uvipake mwenyewe. Nuru ya nyekundu ni chungwa, ya kijani ni kijani chenye njano, ya buluu ni feruzi. Kivuli cha nyekundu ni hudhurungi iliyoiva. Usitie nyeusi kwenye njano kupata kivuli cha manyoya ya simba, maana hugeuka kijani cha tope, tumia kahawia. Nyeupe tupu ibaki nukta moja kwenye mboni ya jicho, na hapo ndipo kinyago kinapopata uhai.

Mengine kwa haraka. Piga msasa, futa vumbi, undakoti, subiri. Paka asubuhi, kabla upepo haujaanza kuinua vumbi la Athi River, na ukaushie ndani. Enameli izimuliwe kwa tapentaini. Mafuta ya taa huchelewesha kukauka na huacha utando unaofifisha. Ukipenda akriliki, ni sawa, hukauka upesi na hainuki, ila paka mikono miwili. Vanishi ije mwisho, na haifufui rangi iliyokufa. Jua letu huku juu, zaidi ya mita 1,500, hufifisha nyekundu za bei rahisi, basi usianike bidhaa kibandani mchana kutwa.

Na hili lisipuuzwe. Njano na chungwa kali za enameli ya bei ya chini mara nyingi zimepata ukali wake kutokana na kromati ya risasi. Kenya imeweka kikomo cha risasi kwenye rangi kuwa sehemu 90 kwa milioni, lakini makopo yasiyo na lebo bado yanauzwa. Simba wa urefu wa kidole ataishia mdomoni mwa mtoto. Kopo lisiloandikwa kwamba halina risasi, liache dukani.