Sifuri ya jioni

Kilichoninasa ni sifuri.

Kampala, asubuhi. Simu ya mtu aliyepatwa na kiharusi inalia: ujumbe mfupi unamkumbusha mambo matatu aliyopanga kuyafanya siku hiyo. Si makubwa. Kufunga vifungo vya shati, tuseme, au kujimwagia maji bila kushikwa mkono. Ameyachagua mwenyewe pamoja na wa nyumbani kwake, wakiwa wamekaa na mtaalamu anayewafundisha wagonjwa kuzirudia shughuli zao za kila siku. Jioni unaingia ujumbe wa pili: leo unajipa ngapi? Anajibu kwa tarakimu. Akiandika sifuri, au asipojibu kabisa, alama nyekundu inajitokeza kwa mtaalamu, naye anapiga simu.

Hapo ndipo nilipokwama. Kutojibu kumehesabiwa kuwa jibu! Sisi wengine ndugu asipojibu tunasema ana shughuli zake, tunaendelea na zetu.

Mpango huo uliitwa F@ce. Aliyeongoza jaribio lake ni Julius Kamwesiga, Mganda aliyesomea shahada ya uzamivu katika Taasisi ya Karolinska, Uswidi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Walioshiriki walikuwa 28 tu na mpango wenyewe ulidumu wiki 8, kwa hiyo tusipige vigelegele mapema. Ila hoja yake inanikaa vizuri. Wataalamu wa kazi hii hawatoshi, hospitali iko mbali na nauli ni ghali, lakini simu ya batani imeshaingia nyumbani. Basi kazi ianzie humo. Tena isianze na zoezi la kunyanyua mkono kwa ajili ya kuunyanyua tu. Ianze na kile ambacho mgonjwa mwenyewe anakililia: kupika, kuvaa, kwenda kusali. Na jamaa wa nyumbani asiwe mtazamaji. Katika F@ce, jamaa huyo ni sehemu ya tiba.

Mpango ulilenga shughuli, si huzuni. Lakini takriban mtu mmoja kati ya watatu wanaonusurika kiharusi hupatwa na sonona, na sonona haivai sare. Mikono inapata nguvu, mwenyewe hataki kuamka. Nyumbani wanamwita mvivu, au wanasema ana mawazo mengi, basi. Aliyepoteza uwezo wa kusema kwa sababu ya kiharusi hata kulalamika hawezi. Sifuri yake inafanana kabisa na sifuri ya mtu ambaye kidole chake bado hakijakunjika. Ndiyo maana naipenda ile simu inayofuata: mashine imeona sifuri, mtu anapiga kuuliza ni sifuri ya nini.

Sasa uchukue mpango huo uupeleke Bule.

Bule iko Djugu, jimbo la Ituri, mashariki mwa Kongo. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Februari 2022, wapiganaji wa kundi la wanamgambo la CODECO walivamia kambi ya wakimbizi wa ndani ya Plaine Savo, jirani na hapo, wakaua watu wapatao 60. Muuguzi wa Bunia, mji mkuu wa jimbo hilo, akiona alama nyekundu kutoka upande huo, ataisomaje? Mgonjwa amekata tamaa? Mtandao umeanguka? Au familia nzima imekimbia usiku, imembeba mgongoni au, Mungu apishe mbali, imemwacha? Kampala kimya kina maana chache. Huku kina maana nyingi mno, na muuguzi ana salio la kupiga simu moja au mbili.

Halafu lugha. Bibi wa Bule huenda anazungumza Kilendu nyumbani, Kiswahili ni cha sokoni. Swali la moyo utamuuliza kwa lugha ya sokoni? Na simu ni ya nani: yake, au ya kijana wake anayeshinda nayo machimboni?

Najaribu kuiona saa yenyewe. Jua limezama, ujumbe wa jioni unaingia. Simu haiko kwa mgonjwa. Iko kwenye kibanda cha kuchajia, imechomekwa kwenye waya mmoja na nyingine kumi. Mwenye kibanda anaiona ikiwaka, anasoma: leo unajipa ngapi? Anamjua mzee mwenye simu hiyo. Jana alimwona amekaa mlangoni, shati limefungwa vifungo vyote, macho chini.

Amwandikie ngapi?