PCOS: Somo la kwenye simu kwa muuguzi, faida kwa mwanamke wa Tumbe

Kila Ramadhani inapomalizika, wanawake wa Tumbe, kama wenzao wa Pemba nzima, huhesabu siku walizokula kwa sababu ya hedhi ili wazilipe. Lakini wapo wanaofunga mwezi mzima bila kukatisha, mwaka huu, mwaka jana na mwaka juzi, ilhali si wajawazito, hawanyonyeshi wala hawatumii dawa yoyote ya kuzuia hedhi. Majirani wanaweza kuwaona wana bahati. Kwa muuguzi aliyefundishwa vizuri, hiyo ni sababu ya kuuliza zaidi.

Moja ya matatizo yanayoweza kuleta hali hiyo ni mvurugiko wa homoni unaojulikana kwa kifupi kama PCOS. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa wanawake 10 hadi 13 katika kila 100 walio katika umri wa kuzaa wana tatizo hili, na hadi asilimia 70 ya walionalo hawajagunduliwa.

Tumbe ni kijiji cha wavuvi katika Wilaya ya Micheweni, Kaskazini Pemba. Katika vijiji kama hiki, mtaalamu wa kwanza kukutana na mwanamke mwenye shida ya hedhi si daktari bingwa, bali ni muuguzi au mkunga. Kwa hiyo alichofundishwa chuoni ndicho kinachoamua kama mwanamke huyo atasaidiwa mapema au atazungushwa kwa miaka.

Si uvimbe, si jini

PCOS ilielezwa kitaalamu mwaka 1935 na madaktari wawili wa Chicago, Marekani, Stein na Leventhal, walioandika juu ya wanawake saba. Jina lake linatisha kwa sababu linataja vivimbe kwenye ovari. Ukweli ni kwamba vile si vivimbe vya kukatwa. Ni vifuko vidogo vya mayai ambavyo vimeanza kukua vikasimama njiani. Yai lisipopevuka, hedhi huchelewa au hukosekana, na mimba huwa ngumu kupatikana.

Pamoja na hayo, mwili hutoa homoni za kiume kupita kiasi. Ndiyo maana baadhi huota ndevu, hupata chunusi zisizoisha au nywele za utosini hupungua. Wengi miili yao haiitikii vizuri insulini, na ngozi ya shingoni na kwapani huwa nyeusi na nene. Wapo wanaoisugua kila siku wakidhani ni uchafu.

Tangu mkutano wa wataalamu uliofanyika Rotterdam, Uholanzi, mwaka 2003, mwanamke mtu mzima huhesabiwa ana PCOS akiwa na mambo mawili kati ya matatu: hedhi isiyo na mpangilio, homoni za kiume zilizozidi, au ovari zenye vifuko vingi kwenye altrasaundi. Kabla ya hapo, sababu nyingine kama ugonjwa wa tezi ya shingo lazima ziondolewe.

Bila elimu hiyo, kisa huishia kwa mganga. Mke huambiwa ana jini mahaba, hunyweshwa dawa za mizizi, na pengine huachwa au huolewa mwenzake. Wakati huo ukuta wa mji wa mimba unaendelea kuwa mnene bila kutoka, jambo linaloongeza hatari ya saratani, na kisukari kinanyemelea.

Nafasi ya simu

Simu inaweza kulifikisha somo hili kwa mwanafunzi wa uuguzi popote alipo, awe darasani Unguja au mazoezini katika kituo cha afya Pemba. Nchini India na Misri, watafiti wa uuguzi wamewapima wanafunzi kabla na baada ya kufundishwa kuhusu PCOS, na kwa kawaida alama hupanda.

Hata hivyo, alama za mtihani hazitoshi. Somo zuri la mtandaoni liwe fupi, kwa Kiswahili, na liweze kupakuliwa ili lisikilizwe hata mahali mtandao unaposumbua. Liwe na visa vya kujadili pamoja na mwalimu. Tena limfundishe mwanafunzi kuchuja, maana simu hiyohiyo imejaa wauzaji wa unga na chai za "kusafisha mayai" wasio na ushahidi wowote.

Mwanafunzi akitoka kwenye somo hilo, awe na maswali haya mdomoni:

• Hedhi yako ya mwisho ilikuwa lini? Kwa mwaka unaipata mara ngapi? Chini ya mara nane, au nafasi inayozidi siku 35, inahitaji uchunguzi.
• Umewahi kupitisha miezi mitatu bila hedhi? Aanze na kipimo cha mimba.
• Ramadhani zilizopita ulidaiwa saumu ngapi? Swali hili huwafungua wengi wanaoona haya kutaja hedhi.
• Kama unatafuta mtoto, mume amepimwa? Ugumba si wa mwanamke peke yake.

Ajue pia kuwa msichana hapimwi kama mtu mzima. Hedhi kuyumba katika mwaka wa kwanza baada ya kuvunja ungo ni kawaida, na altrasaundi haitumiki kuthibitisha PCOS kabla haijapita miaka minane tangu hedhi ya kwanza. Wembamba nao si kinga.

Matibabu yapo

PCOS haina dawa ya kuiondoa kabisa, lakini inadhibitika. Vidonge vya homoni hurekebisha hedhi, metformini husaidia mwili kutumia sukari, na letrozole hupevusha yai kwa anayetaka kuzaa. Mwenye uzito mkubwa akipunguza hata kidogo, hedhi inaweza kurejea. Dawa zote hizi zitolewe na daktari. Sukari ya damu na shinikizo vipimwe mara kwa mara, hasa akishika mimba.

Msomaji, ukiziona dalili hizi kwako, kwa binti yako au mkeo, andika tarehe za hedhi kwa miezi mitatu na uende nazo kituo cha afya kilicho karibu. Ukiwa tayari umepitisha miezi mitatu bila hedhi, usingoje.