Hasara ya mzigo isikufanye ujichukie

Ulichukua dagaa Mwaloni Kirumba, ukaposti, oda zikaja. Mzigo ukafika umevunda, ukarudisha hela za watu. Sasa wiki nzima hujaposti, unajiita mjinga.

Ndugu mfanyabiashara, mwaka 2003 mtafiti Kristin Neff wa Marekani alieleza mambo matatu ya kujihurumia:

1. Kubali inauma, ila usiikuze.
2. Hauko peke yako. Msimu wa mvua dagaa huwaharibikia wengi huku ziwani.
3. Jiambie maneno ambayo ungemwambia rafiki yako aliyepata hasara hiyo hiyo.

Kujihurumia siyo kujitetea. Ukitulia ndo unaliona kosa: hukukagua kama zimekauka kabla ya kufunga. Andika hasara daftarini, waombe radhi wateja, kesho posti hata sado moja.