Bibi wa Kiyahudi na Daktari Mwislamu

Ijumaa moja, baada ya sala ya Isha, vijana wetu wa Madungu walikaa barazani mwa msikiti wakizungumza habari za Gaza. Nyoyo zilikuwa nzito. Mmoja wao, kwa uchungu, akasema kuwa Hitler angaliachwa amalize kazi yake. Wengine walinyamaza, wengine wakacheka. Mimi, ambaye kazi yangu ni kuandika kumbukumbu za vikao vya kamati na kutunza daftari la michango, sikuwa na jibu la papo hapo. Nilirudi nyumbani na neno lile kifuani.

Usiku ule nilimkumbuka marehemu bibi yangu, Allah amrehemu. Katika miaka ya dhiki ya chakula alipika muhogo kwa maji na chumvi, na aliyebisha hodi alipewa kipande chake. Hakuulizwa ni mtu wa upande gani. Bibi alituambia kuwa njaa haina kabila. Nikajiuliza: angalisema nini lau angalikuwapo pale barazani?

Ijumaa iliyofuata niliwasimulia vijana habari za bibi mwingine, Cecilie Rudnik, Myahudi wa mjini Berlin. Wanazi walikuwa wakiwakusanya Mayahudi na kuwapeleka kuuawa. Kabla ya vita kwisha waliua takriban milioni 6, wazee na watoto wachanga wakiwamo. Katika mji huo huo aliishi daktari Mwislamu, Mohammed Helmy, Mmisri aliyezaliwa Khartoum mwaka 1901 na kufika Ujerumani mwaka 1922 kusomea utabibu. Yeye mwenyewe hakuwa na amani. Alifukuzwa kazi hospitalini, akazuiwa kumwoa mchumba wake Mjerumani, na mwaka 1939 akatiwa kizuizini pamoja na Wamisri wengine.

Hata hivyo, mwaka 1942, Anna Boros, mjukuu wa Bi Cecilie, alipohitaji mahali pa kujificha, Helmy alimweka katika kibanda chake nje kidogo ya mji. Bi Cecilie mwenyewe alimtafutia hifadhi kwa mwanamke Mjerumani, Frieda Szturmann, aliyekaa naye zaidi ya mwaka mmoja na kumgawia chakula chake cha mgao. Wapelelezi walipomkaribia, daktari alimhamisha Anna kwa marafiki na kusema kuwa ni binamu yake. Mwaka 1944 mama yake Anna na baba yake wa kambo walikamatwa, na walipohojiwa wakamtaja. Helmy akajiokoa kwa kuwaonyesha wapelelezi barua ya Anna, iliyodai kuwa binti huyo alimdanganya kuhusu asili yake na kwamba sasa yuko kwa shangazi yake Dessau.

Wote wanne wa ukoo ule walinusurika, wakahamia Marekani. Hawakumsahau mfadhili wao: katika miaka iliyofuata waliiandikia serikali ya Berlin barua za kushuhudia wema wake. Helmy alifariki mwaka 1982.

Nikawaambia tena vijana: tusidhani moto ule uliwaunguza Mayahudi peke yao. Bayume Mohamed Husen, Mwislamu na Mswahili mwenzetu, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, alifundisha Kiswahili mjini Berlin. Mwaka 1941 alikamatwa kwa kosa la uhusiano na mwanamke mzungu. Akafungwa katika kambi ya Sachsenhausen, na huko akafa tarehe 24 Novemba 1944. Anayetamani kazi ya Hitler imalizwe anatamani pia kaburi la Mohamed Husen.

Ndugu msomaji, kuwalilia watoto wa Palestina ni haki, na kuipinga dhuluma ni wajibu. Lakini Qur'ani inatukataza chuki ya watu isitutoe kwenye uadilifu, na inatufundisha kuwa aliyeokoa nafsi moja ni kama aliyewaokoa watu wote. Mtume wetu (S.A.W.) alisimama jeneza la Myahudi lilipopita, alipoambiwa marehemu ni nani, aliwakumbusha Masahaba kuwa naye ni nafsi. Dhuluma ya leo haihalalishi mauaji ya jana, wala mauaji ya jana hayahalalishi dhuluma ya leo.

Nilipomaliza, kijana yule alikaa kimya kitambo. Kisha akauliza kwa sauti ya chini: "Yule bibi, alipokuwa mafichoni, alijua kuwa mjukuu wake yu hai?" Sikujua la kumjibu. Lakini kwa swali lile nilijua kuwa Bi Cecilie amekwisha kuwa mtu machoni mwake.

Wazazi wenzangu, hasira za watoto wetu tusiziachie simu ndizo ziwalee. Tukae nao baada ya chakula cha usiku, tuwaite mabibi wasimulie waliyoyaona, na tuwazoeze kuuliza swali kama lile. Allah atujaalie wenye kusimamia haki hata tunapokuwa na uchungu. Amin.