Mashine na Mambo Yasiyobadilika

Mtu ahamishapo kiti kutoka chumba kimoja hadi kingine, hajiulizi kama rangi ya kiti imegeuka, wala kama ukuta alioupa kisogo ungali umesimama. Mashine ifuatayo mantiki haina hakika hiyo. Hujua yale tu iliyoambiwa, pamoja na yale yatokanayo nayo kwa lazima. Ikiambiwa kwamba kiti kilikuwa chekundu, kisha kikasukumwa, haiwezi kuthibitisha kwamba kingali chekundu mpaka ipewe sentensi isemayo kuwa kusukuma hakubadili rangi.

Mwaka 1969 John McCarthy na Patrick Hayes waliliita jambo hili tatizo la fremu. Uzito wake huonekana kwa hesabu. Roboti yenye matendo 10, katika ulimwengu unaoelezwa kwa mambo 50, huhitaji sentensi zipatazo 500, na takriban zote husema tu kwamba hakuna kilichotokea!

Roboti Shakey, iliyoundwa huko Menlo Park, California, kati ya 1966 na 1972, ilikwepa mzigo huo. Katika programu yake ya STRIPS ya mwaka 1971, kila tendo liliandikiwa orodha ya mambo ya kuongezwa na orodha ya mambo ya kufutwa. Lisilotajwa liliachwa lilivyo. Ilikuwa desturi yenye manufaa, lakini haikuwa uthibitisho.

Katika miaka ya 1980 McCarthy na wenzake walitafuta kanuni moja ya jumla: katika maelezo yote yanayowezekana, yachaguliwe yenye mabadiliko machache kabisa. Ilionekana kanuni ya busara. Ndipo mwaka 1987 Steve Hanks na Drew McDermott, wa Chuo Kikuu cha Yale, walipochapisha kisa kifupi. Bunduki inatiwa risasi, muda unapita, mtu anapigwa kwa bunduki hiyo. (Waandishi wa baadaye, kwa huruma, walimweka bata mzinga mahali pake.) Kila msomaji hujua matokeo. Lakini kanuni ile ilikubali pia kwamba risasi ilitoweka yenyewe wakati wa kungoja, na mlengwa akaishi. Katika maelezo ya kwanza kilichokoma ni uhai, katika ya pili ni risasi: mizani haikuegemea upande wowote.

Jibu lililo wazi zaidi lilitolewa na Raymond Reiter wa Toronto mwaka 1991. Kwake kila jambo lina sentensi moja. Bunduki ina risasi baada ya tendo iwapo tendo hilo ni kuitia risasi, au iwapo ilikuwa nayo kabla na tendo hilo si kuifyatua wala kuitoa risasi. Kungoja hakumo, basi risasi ipo. Sentensi 500 zimekuwa 50.

Njia hiyo hudai sharti moja gumu: sababu zote za mabadiliko ziwe zimeorodheshwa. Mtoto akipita na kukiondoa kiti roboti isipotazama, mantiki yake haina kosa lolote, ila itaendelea kuthibitisha kwamba kiti kipo.