Neno 'mdudu' pekee halitoshi shambani

Neno 'mdudu' ni miongoni mwa maneno yanayobebeshwa mzigo mzito katika Kiswahili. Nyuki ni mdudu, buibui ni mdudu, tandu ni mdudu, kupe ni mdudu. Hata viini vya maradhi visivyoonekana kwa macho huitwa wadudu. Mwanasayansi naye hulibana neno hili. Kwake yeye, mdudu ni kiumbe mwenye miguu sita na mwili uliogawika sehemu tatu: kichwa, kifua na tumbo. Kwa kipimo hicho, buibui mwenye miguu minane hayumo, na jongoo ndiyo kabisa!

Tofauti hii si ya darasani tu. Katika mashamba ya Kitale na Bungoma, jina lisilo mahususi linaweza kumgharimu mkulima magunia ya mahindi. Nimewahi kumsikia mteja katika agroveti moja mjini Kitale akiagiza, "Nipee dawa ya wadudu." Muuzaji akauliza, "Wadudu gani?" Akajibiwa, "Si hao tu wa mahindi!" Tatizo ni kwamba 'hao wa mahindi' si wa aina moja.

Tuchukue mfano wa kiwavijeshi. Jina hili limeundwa kwa kuunganisha 'kiwavi' na 'jeshi', na linamfaa sana kiwavijeshi wa Afrika, ambaye huandamana kwa makundi makubwa akifyeka nyasi na nafaka. Mwaka wa 2016, jamaa yake kutoka bara la Amerika aliripotiwa Afrika Magharibi, na kufikia 2017 alikuwa amethibitishwa Kenya. Wengi wetu tulimpa jina lile lile. Wenzetu wa Tanzania waliongeza neno moja tu: kiwavijeshi vamizi.

Neno hilo moja lina kazi, kwani mgeni huyu ana tabia zake. Hujificha katika moyo wa mmea, pale majani machanga yanapochomoza, na kuacha kinyesi kinachofanana na unga wa mbao. Kichwani ana alama kama herufi Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia ana madoa manne meusi yaliyokaa kama pembe za mraba. Mkulima anayesubiri kuona jeshi likiandamana atachelewa. Kiwavi huyu hudhibitiwa kwa urahisi zaidi angali mdogo, kabla hajazama ndani.

Kisha kuna bungua, ambaye pia huitwa funza wa mabua. Huanza kwa kula majani, halafu hutoboa bua na kuingia. Akishaingia, dawa ya kunyunyiza haimfikii. Lakini mtajie Mkenya 'funza' naye atatazama vidole vya miguu yake! Umdhaniaye ndiye kumbe siye.

Wote hao ni watoto wa nondo, na sizungumzii vyuma vya kujengea. Nondo ni yule anayefanana na kipepeo na aghalabu huzunguka taa usiku. Kwa kuwa mtoto ana jina lake na mzazi lake, ni rahisi kusahau kwamba ni kiumbe yule yule katika hatua mbili za maisha. Mchwa na kumbikumbi nao wana majina mawili, ingawa wao si hatua mbili za kiumbe mmoja bali ni wa jamii moja. Yule mchwa tunayemlaani kwa kutafuna nguzo za nyumba ndiye ndugu wa kumbikumbi, anayeota mabawa na kuruka mvua inaponyesha. Huko Bungoma, Wabukusu humwita chiswa na kumla kwa hamu. Jamii hiyo moja ni adui ukutani na kitoweo mezani.

Lugha vilevile inaweza kumlinda mdudu. Vunjajungu, yule mwenye miguu ya mbele iliyokunjwa kama anayeomba dua, alipewa jina hilo kutokana na imani kwamba anayemgusa au kumuua atavunja chombo. Imani hiyo mtu anaweza kuicheka, lakini vunjajungu hula wadudu wengine, wakiwemo waharibifu. Anayenyunyiza dawa ya 'wadudu' bila kuchagua humwua mlinzi pamoja na mwizi.

Nawahimiza basi wasomaji waanzie nyumbani. Zunguka boma lako, hesabu miguu, tazama mabawa, chunguza kila mmoja anakula nini na hutokea saa ngapi. Waulize wazee jina lake kwa lugha ya kwenu, uliandike kando ya lile la Kiswahili. Na utakapoandika, kumbuka ngeli ya A-WA: kiwavijeshi ameingia shambani, si kimeingia.

Afisa wa kilimo akipigiwa simu na kuambiwa "shamba limejaa madudu", hana pa kuanzia. Akiambiwa "kuna kiwavi katika moyo wa mahindi, ana Y kichwani", anajua la kufanya kabla hajawasha pikipiki.