Helmeti inapogeuka silaha: Adhabu za kugonga kwa kichwa katika mpira wa Kimarekani

Usiku wa Januari 9, 2016, mjini Cincinnati katika jimbo la Ohio nchini Marekani, mvua ilikuwa ikinyesha na timu ya nyumbani, Bengals, ilikuwa ikiongoza kwa pointi 16 dhidi ya 15 za Pittsburgh Steelers. Muda uliobaki haukutimia nusu dakika. Bengals walikuwa hawajashinda mechi ya mtoano tangu Januari 1991, na wageni wao walikuwa bado mbali mno na milingoti kuweza kupiga mkwaju wa ushindi. Mpira ukarushwa kuelekea kwa Antonio Brown wa Steelers, ukampita. Kabla hajajikusanya, mlinzi wa Bengals, Vontaze Burfict, akamgonga kichwani.

Mwamuzi akarusha kitambaa cha njano, ishara ya kosa. Adhabu ikawa yadi 15. Katika mzozo uliofuata, mlinzi mwingine wa Bengals, Adam Jones, akapandwa na hasira, zikaongezwa yadi 15 nyingine. Steelers wakajikuta wamesogezwa yadi 30 mbele bila ya kukimbia hata hatua moja. Wakapiga mkwaju mwepesi na kushinda kwa 18 dhidi ya 16. Brown hakuweza kucheza mechi iliyofuata kwa sababu ya mtikisiko wa ubongo, Burfict akafungiwa mechi tatu za mwanzo wa msimu mpya, na mashabiki wa Cincinnati wakasubiri ushindi wa mtoano hadi Januari 2022.

Kwa msikilizaji aliyekulia katika soka, au hata aliyezoea kutazama raga ya Kenya na Uganda, mchezo huu huonekana kama vurugu iliyovalishwa sare. Lakini familia nyingi zinazozungumza Kiswahili, hasa zilizotoka mashariki mwa Kongo, leo zinaishi katika majimbo ya Ohio, Kentucky na Iowa, na vijana wao husoma katika shule ambako mchezo huu ndio unaojaza uwanja kila Ijumaa jioni. Kwa wazazi hao, na kwa jamaa waliobaki nyumbani, swali la kwa nini mwamuzi anarusha kitambaa chake linahusu shingo ya mtoto wao.

Kwanza tueleze uzito wa yadi 15. Uwanja una urefu wa yadi 100 kati ya mistari miwili ya kufungia, na timu inayoshambulia hupewa majaribio manne ya kusogea yadi 10. Ikifaulu, hupewa majaribio mengine manne. Ikishindwa, hupoteza mpira. Kwa hiyo timu inayozawadiwa yadi 15, takriban mita 14, pamoja na majaribio manne mapya, imepewa bure kitu ambacho wanaume 11 wangekipigania kwa jasho, na pengine wasingekipata.

Helmeti yenyewe, kofia ngumu inayofanana na ile ya waendesha bodaboda, haikuwapo tangu mwanzo. Wachezaji wa kale walivaa kofia za ngozi, na wengine walicheza kichwa wazi. Ligi kuu ya kulipwa, NFL, ililazimisha kila mchezaji kuvaa kofia ya kinga mwaka 1943. Baadaye plastiki ngumu ikachukua nafasi ya ngozi, na katika miaka ya 1950 vyuma vya kukinga uso vikaenea. Mifupa ya fuvu na pua ikasalimika. Hapo ndipo lilipoanza tatizo jingine: mtu aliyefunikwa kichwa kizima kwa ganda gumu haogopi tena kukitanguliza kichwa hicho. Makocha wengi wakawafundisha vijana kumkabili mpinzani kwa kumlenga na uso wa helmeti, au hata utosi wake, kama mkuki.

Madhara yalionekana haraka shingoni. Shingo ya binadamu ina upinde wa asili unaoisaidia kupunguza nguvu ya kishindo. Mtu akiinamisha kichwa kidogo, upinde huo hunyooka na mifupa ya shingo hupangana kama nguzo. Nguvu ya mgongano ikiingia kupitia utosini, haina pa kukwepea. Mwili unaendelea kusukuma kutoka nyuma, kichwa kimesimama mbele, na kilicho katikati huvunjika. Daktari Joseph Torg wa Philadelphia, aliyekusanya kumbukumbu za majeraha hayo kutoka kote Marekani, alionyesha kwamba mara nyingi anayepooza ni yule aliyegonga, si aliyegongwa. Jambo hili watazamaji wengi hulisahau, kwa kuwa macho yote humfuata aliyelala chini baada ya kugongwa.

Mwaka 1976, wasimamizi wa mchezo huo katika vyuo vikuu na shule za sekondari walipiga marufuku kugonga kwa kukusudia kwa kichwa. Kumbukumbu za Torg zilihesabu wachezaji 34 waliopooza mikono na miguu katika msimu wa 1976. Msimu uliofuata walikuwa 18, na mwaka 1984 walikuwa watano. Waamuzi wa siku hizo hawakuwa wakirusha vitambaa kwa kosa hilo mara nyingi. Kilichobadilika zaidi ni mafunzo: kocha aliyejua kwamba mbinu yake imekuwa kosa alilazimika kufundisha nyingine, yaani kukabili kwa bega huku kichwa kikiwa juu na macho yakimtazama mpinzani.

Ligi ya kulipwa ilichelewa. Agosti 12, 1978, katika mechi ya maandalizi mjini Oakland, mpokeaji wa New England Patriots, Darryl Stingley, aliruka kuufuata mpira uliokuwa umempita. Mlinzi wa Oakland Raiders, Jack Tatum, akamkabili kwa kishindo. Stingley, aliyekuwa na umri wa miaka 26, hakutembea tena hadi alipofariki mwaka 2007. Hakuna kitambaa kilichorushwa jioni ile, kwa sababu kwa sheria za wakati huo hapakuwa na kosa lolote.

Tangu hapo sheria zimeongezwa tabaka juu ya tabaka. La kwanza linamlinda mchezaji asiyeweza kujikinga: mpokeaji aliye hewani, mrushaji aliyeinua mkono, mpiga mkwaju aliyebaki na mguu mmoja ardhini. Huyo hagongwi kichwani wala shingoni, iwe kwa helmeti, kwa bega au kwa kiwiko. Oktoba 2010, baada ya wikendi moja iliyojaa migongano ya kutisha, NFL ilimtoza James Harrison wa Steelers faini ya dola 75,000, na ikaonya kwamba wakosaji wangeanza kufungiwa.

Tabaka la pili lilikuja kwa njia ya machungu. Desemba 4, 2017, katika uwanja uleule wa Cincinnati, Ryan Shazier wa Steelers aliinamisha kichwa kumkabili mpinzani, akamgonga, kisha akalala chali akishika mgongo wake huku miguu haisogei. Hapakuwa na mtu aliyemfanyia ubaya. Yeye ndiye aliyegonga. Alifanyiwa upasuaji wa uti wa mgongo na baadaye akaweza kutembea tena, lakini hakurudi kucheza. Machi 2018, wamiliki wa timu walipitisha sheria kwamba mchezaji yeyote, wa kushambulia au wa kulinda, anayeinamisha kichwa na kumgonga mpinzani kwa helmeti, popote mwilini, amefanya kosa. Adhabu ni yadi 15, na anaweza kutolewa uwanjani.

Katika mechi za maandalizi za Agosti mwaka huo vitambaa viliruka kila upande, wachezaji wakalalamika kwamba hawajui tena namna ya kumwangusha mtu, na ligi ikalazimika kufafanua kwamba mgusano wa bahati mbaya si kosa. Msimu wenyewe ulipoanza vitambaa vikapungua sana. NFL iliripoti mitikisiko ya ubongo 281 mwaka 2017 na 214 mwaka 2018. Haifai kuipa sheria moja sifa yote, kwani mwaka huohuo helmeti duni zilianza kuondolewa na taratibu za mkwaju wa kuanzisha mchezo zilibadilishwa.

Vyuo vikuu vimechagua ukali zaidi. Tangu mwaka 2013, mchezaji anayemlenga mwenzake kwa utosi wa helmeti, au anayemgonga kichwani mtu asiyeweza kujikinga, hupokonywa yadi 15 na kutolewa palepale. Kwa sheria hiyo ya mwaka 2013, kosa likitokea kipindi cha pili, alikosa pia kipindi cha kwanza cha mechi iliyofuata. Video hutazamwa upya, na kosa lisipothibitishwa mchezaji hurudi. Mwaka wa kwanza kulikuwa na kichekesho: mchezaji aliyesafishwa na video aliruhusiwa kurudi uwanjani, lakini yadi 15 zilibaki palepale. Kasoro hiyo ilirekebishwa mwaka 2014.

Ugumu mkubwa uko kwa mwamuzi. Mlinzi ameshalenga kifua. Katika robo ya sekunde mpokeaji anajikunja kuulinda mpira, na pale palipokuwa na kifua sasa pana kichwa. Ni kosa la nani? Sheria humtaka anayegonga abebe mzigo huo, na kwa maoni ya mwandishi huyu ni sawa, kwa kuwa ndiye mwenye nafasi ya kuchagua kasi na upande. Lakini kitambaa kinaweza pia kukosekana pale kinapohitajika. Januari 20, 2019, mjini New Orleans, nafasi ya kwenda fainali ikiwa mezani, mlinzi wa Los Angeles Rams, Nickell Robey-Coleman, alimvaa mpokeaji wa Saints kabla mpira haujafika, helmeti kwa helmeti. Mamilioni waliona; waamuzi hawakurusha chochote. Rams walishinda 26 kwa 23 katika muda wa nyongeza. Siku chache baadaye mlinzi huyo alitozwa faini ya dola 26,739, na Saints walikuwa wamekwisha kurudi makwao. Faini ni jambo la mtu na mfuko wake, ilhali yadi 15 huumiza timu nzima mbele ya mashabiki wake, na ndizo ambazo kocha huzikumbuka mazoezini.

Burfict, tuliyeanza naye, alikuja kufungiwa mechi 12 zilizosalia za msimu wa 2019 baada ya kumgonga kwa helmeti mchezaji wa Indianapolis Colts aliyekuwa amepiga goti. Ilikuwa adhabu ndefu kuliko zote ambazo ligi imewahi kutoa kwa tendo la uwanjani.

Kuna eneo ambalo kitambaa hakilifikii kabisa. Mwaka 2002, daktari mzaliwa wa Nigeria, Bennet Omalu, aliuchunguza mjini Pittsburgh ubongo wa marehemu Mike Webster, nyota wa zamani wa Steelers, akakuta ndani yake dalili za ugonjwa uliokuwa ukihusishwa na mabondia. Webster alicheza katikati ya mstari wa mbele, mahali ambapo vichwa hukutana karibu kila mpira unapoanzishwa. Migongano hiyo ilikuwa halali, midogo kwa macho ya mtazamaji, na ilirudiwa maelfu ya mara. Sheria za helmeti zinapunguza kishindo kimoja kikubwa, lakini hazina jibu kwa vile vidogo, na ndiyo sababu baadhi ya ligi zimepunguza pia siku za kugongana mazoezini.

Kwa mzazi ambaye mwanawe amerudi nyumbani na helmeti ya shule, yapo mambo mawili ya kumwuliza kocha: wiki hii vijana watagongana mazoezini siku ngapi, na wanafundishwa kumwangusha mtu kwa kiungo gani. Aitazame pia helmeti yenyewe. Ina kibandiko cha onyo kwa Kiingereza, chenye maandishi madogo, kinachomtaka mvaaji asiitumie kumgonga mpinzani na kueleza kwamba hakuna helmeti inayoweza kuzuia majeraha yote ya kichwa na shingo. Mwombe mtoto akutafsirie.